Beseni Jekundu

Vijitabu viwili vya majibu vilikuwa mezani kwa Inspekta, kimoja kulia, kimoja kushoto, na katikati kikombe cha chai alichokisahau mpaka kikapoa. Fizikia hakuijua. Alichokijua ni watu, na watu huacha nyayo hata wakiandika habari za mawimbi.

Alipostaafu upolisi alidhani atafuga kuku. Kuku walimchosha upesi, na mumewe akachoka zaidi, maana mama wa watu alianza kuwahoji hata wageni waliokuja kusalimia tu. "Kile chuo kinatafuta mchunguzi wa mitihani," mume alimwambia. "Nenda, mke wangu, utupumzishe." Akaenda. Wakubwa wa chuo walimwita Inspekta. Wanafunzi walimwita Mama Ushahidi, wakidhani hajui.

Asubuhi hiyo Mkuu wa Taaluma aliingia bila hodi. Alikuwa mtu wa haraka, hata kukaa alikaa nusu kiti.

"Umefika wapi, Inspekta? Kamati inakaa saa nane mchana."

"Nimefika kwenye beseni."

"Beseni gani tena?"

"Tulia, mkubwa. Haraka haraka haina baraka, na wewe leo umekuja na haraka peke yake."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Chuo kile kilimruhusu mtu anayelijua somo tayari afanye mtihani wake tu, na akifaulu apewe maksi za somo hilo bila kukaa darasani. Kwenye makaratasi uliitwa mtihani wa utambuzi. Midomoni mwa watu ulikuwa mtihani wa mkato, na jina hilo lilitosha kuwafanya waliosota darasani muhula mzima wautazame kwa jicho la pembeni. Safari hii, katika somo la Sauti na Mawimbi, wawili walifaulu vizuri kupita wote. Mmoja ni kijana kiziwi aliyeitwa Fundi Redio, kwa kuwa alitengeneza redio ambazo yeye mwenyewe hajapata kuzisikia, na wateja hawakuchoka kumtania kwa hilo. Aliwahi kulisoma somo lile darasani, lakini wiki ya mtihani akaugua, akalazwa. Wa pili alikuwa mkalimani wake wa lugha ya alama. Huyu hakuwahi kuandikishwa kama mwanafunzi. Alisimama mbele ya darasa lile muhula mzima, mikono yake ikisema kila alichosema mhadhiri. Sasa naye, kama kijana yule, alitaka kuwa mwalimu.

"Msimamizi wa mtihani anasema alimwona mkalimani akichezesha vidole chini ya meza," alisema Mkuu wa Taaluma. "Halafu wasahihishaji wanakuta jibu moja limefanana. Mimi nafanyaje hapo? Nifumbe macho?"

"Usifumbe. Soma hili swali la nne."

Swali liliuliza kwa nini sauti ya kitu kinachopita mbio huwa nyembamba kikija na nzito kikienda, na liliomba mfano. Watahiniwa wengine wote waliandika king'ora cha gari la wagonjwa. Fundi Redio na Mkalimani waliandika kidole kinachochovya majini huku kikisogea mbele, viwimbi vikibanana mbele yake na kuachana nyuma yake.

"Ni jibu sahihi?" aliuliza Inspekta.

"Sahihi kabisa. Ila halimo kwenye kitabu chochote cha somo. Ndiyo shida yenyewe."

"Na maji hayo wote wawili wameyatia kwenye beseni jekundu. Fizikia ina habari gani na rangi ya beseni?"

Mkuu wa Taaluma alitazama saa yake. Alisema tu kwamba kamati ikiwakuta na hatia, matokeo yao yatafutwa na chuo kitawafungia mlango wote wawili. Jumatatu masomo ya ualimu yalikuwa yanaanza, na bila somo hilo wasingeingia. Zaidi ya hapo, mkalimani aliyekutwa na udanganyifu asingesimama tena mbele ya darasa lolote, na ile ndiyo kazi iliyomlisha yeye na mama yake.

Inspekta alianzia chumba cha mtihani. Msimamizi alimngoja mlangoni, mwanamume mrefu aliyejiamini mno, akamwonyesha kila kitu bila kuombwa.

"Mkalimani alikaa wapi?"

"Hapa, karibu na dirisha. Vidole vilikuwa vinacheza hivi, chini ya meza. Ile si kujikuna, Afande. Ile ni lugha."

"Na kijana?"

"Kiti cha mbele yake. Hapa."

Inspekta aliketi kwenye kiti cha mbele, akatazama ubao. Kisha akageuza shingo polepole mpaka mfupa ukalia.

"Kijana aligeuka nyuma?"

"Hapana. Angegeuka ningemtoa nje."

"Basi mwanangu, kisogoni ana macho? Mtu anayesikia unaweza kumnong'oneza akiwa amekupa mgongo. Kiziwi huwezi kumpa neno kwa mikono bila yeye kukutazama."

Msimamizi alikipima kwa macho kiti kile na cha nyuma yake. Hakuwa mjinga, akasema, "Sawa. Ila yeye wa nyuma anaona karatasi ya wa mbele. Hakumpa jibu. Alilichukua."

Inspekta alikubali kwa kichwa. Ukuta mmoja ulikuwa umeanguka na mwingine ukasimama papo hapo. Alimshukuru msimamizi kwa dhati, kwa sababu mtu anayekupinga kwa hoja anakupunguzia kazi, kisha akatoka.

Fundi Redio alikuwa kwenye kibanda chake cha kazi nyuma ya soko, kiganja kimoja kikiwa kimelazwa juu ya spika iliyokuwa ikiunguruma. Alipomwona mgeni alikiondoa, akafuta mikono na kumpa kiti. Mkalimani wa mahakamani aliyeombwa na chuo alikuwa bado hajafika, kwa hiyo waliandikiana kwenye karatasi, wakipokezana kalamu moja.

Umepata wapi mfano wa beseni? aliandika Inspekta.

Kwa Mhadhiri. Darasani.

Una hakika?

Kijana alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ana hakika na mama yake mzazi. Akaandika kirefu safari hii. Kabla ya siku ile, aliandika, sauti ilikuwa kitu cha watu wengine. Siku ile Mhadhiri alipotoa ule mfano, aliielewa. Baada ya kipindi alikwenda kumshukuru. Mpaka leo anamwombea heri. Akiwa mwalimu wa watoto viziwi, mfano wa kwanza atakaowapa ni huo.

Halafu akaandika swali lake mwenyewe: Mkalimani ameponzwa na mimi?

Sijui bado, aliandika Inspekta, na ulikuwa ukweli.

Mhadhiri wa Sauti na Mawimbi alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, mwenye chaki mpaka kwenye nywele. Alicheka Inspekta alipomuuliza.

"Beseni? Mimi? Dada yangu, mimi miaka yote natumia king'ora. Tena nakiigiza." Akakiigiza hapo hapo, sauti ikija nyembamba na kuondoka nzito, mpaka karani wa ofisi ya jirani akachungulia. "Darasa huwa linavunjika mbavu. Hawasahau."

"Beseni hukulitaja hata siku moja?"

"Hata siku moja. Kwani nani kasema?"

Inspekta aliaga, akatoka. Mtu mmoja alikuwa anamwombea heri mwanamke huyu kwa kitu ambacho hakukitenda, na mashahidi wote wawili walionekana kusema kweli. Hali hiyo aliwahi kuikuta kazini mara chache. Huwa ina maana kwamba kuna mtu wa tatu aliyekuwepo chumbani na hajahesabiwa.

Mkalimani alikuja ofisini mwenyewe kabla hajaitwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, amevaa nguo nyeusi kama wavaavyo wakalimani wa alama ili mikono ionekane.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Lugha ya alama ulijifunzia wapi?"

"Nyumbani. Mdogo wangu wa mwisho hasikii. Mama alinikabidhi yeye tangu yuko mgongoni."

"Niambie, sauti husafiri kasi zaidi wapi, hewani au kwenye chuma?"

"Kwenye chuma," alijibu. Lakini kabla ya mdomo, vidole vyake vilikuwa vimeshasogea kwenye mapaja. Kiganja kilisimama wima, kingine kikagonga, kikatetemeka. Inspekta aliviona.

"Unajua kwamba mikono yako inatangulia?"

Mkalimani aliitazama mikono kama mzazi mwenye watoto watundu. "Mama anasema nikilala pia inaongea. Somo lile sikulisoma kwa macho, Afande. Lilinipitia hapa. Nikitaka kulikumbuka, inabidi niipe mikono nafasi. Nilimwambia msimamizi, akasema kila mdanganyifu ana hadithi."

"Nakuamini kwa hilo. Sasa beseni. Umelitoa wapi?"

Mikono ilitulia kabisa.

"Siwezi kulijibu hilo, mama."

"Ulitazama karatasi ya mwenzio?"

"Hapana."

"Basi niambie ulilitoa wapi, uende zako ukajiandae na Jumatatu."

"Siwezi," alisema tena, na macho yakamjaa machozi, ila hayakumwagika. "Naomba uniache na hilo."

Inspekta alikuwa amefanya kazi na wakalimani wa mahakamani miaka mingi. Alikijua kiapo chao. Usiongeze, usipunguze, usibadili. Alimwangalia yule mwanamke, akaanza kuona mlango alioufunga mwenyewe kwa ndani.

Alipobaki peke yake alivirudia vijitabu, na safari hii hakutafuta kinachofanana. Kwenye kesi za zamani alijifunza jambo moja: waliopanga uongo pamoja hufanana neno kwa neno, lakini waliokiona kitu kimoja hutofautiana kidogo, kwa sababu kila jicho hushika lake. Fundi Redio aliandika "beseni jekundu la kukingia matone ya dari". Matone ya dari hayakuwemo kwa Mkalimani. Mkalimani aliandika "beseni jekundu lenye ufa ukingoni". Ufa haukuwemo kwa Fundi Redio. Inspekta alisimama upesi hata kikombe kikapinduka, akaiacha chai ikitiririka mezani.

Mtunza majengo alimkuta Inspekta kwenye ukumbi wa mihadhara, ameinua uso kuangalia dari kama mtu anayesubiri mvua.

"Hapa juu pana doa, baba. Paliwahi kuvuja?"

"Palivuja sana tu. Kabla hatujabadilisha bati. Nilikuwa nakinga maji hapo mbele, karibu na meza ya mwalimu. Wanafunzi wakasema chuo kimeanzisha bwawa."

"Ulikinga kwa chombo gani?"

"Kwa beseni."

Inspekta alijizuia asimpe mwenzake jibu. Askari wengi wameharibu kesi kwa kumtilia shahidi maneno mdomoni.

"Beseni la namna gani?"

"La plastiki tu, jekundu. Ninalo bado, nachanganyia rangi. Sijalitupa japo lina ufa huku juu. Kitu bado kinafaa, unatupa kwa nini?"

"Nakushukuru, baba," alisema Inspekta, na mtunza majengo akashangaa, maana hajapata kuona mtu akishukuru hivyo kwa habari ya beseni.

Saa nane kamati ilikuwa imekaa. Mkuu wa Taaluma, aliyekuwa mwenyekiti, mwanzo wa meza, Mhadhiri kando yake, msimamizi upande wa pili. Fundi Redio na Mkalimani walikalishwa mbalimbali, na Mkalimani alikatazwa kutumia mikono. Mkalimani wa mahakamani alituma salamu kwamba kesi yake haijaisha, kwa hiyo Inspekta alikuwa akimwandikia kijana kila kinachosemwa, akikatisha maelezo yake na kuendelea.

Aliweka beseni mezani. Lilikuwa na madoa ya rangi ya ukuta, na ufa ulionekana wazi.

Alieleza kiti kwanza, na kisogo, na vidole vinavyokumbuka. Kisha akasoma majibu yote mawili kwa sauti. "Mtu anayenakili," alisema, "anaweza kuchukua kilichopo kwenye karatasi ya mwenzake. Hawezi kuchukua kisichokuwepo. Ufa huu haumo kwenye karatasi ya kijana. Dari haimo kwenye karatasi ya Mkalimani. Vyote viwili ni kweli, mtunza majengo yupo nje, muulizeni. Hawa hawakutazamana karatasi. Walitazama beseni moja, siku moja, katika darasa lenu."

"Lakini mimi sikulitaja," alisema Mhadhiri.

"Ndiyo. Na kijana anaapa ulilitaja. Katikati yenu alikuwepo nani?"

Chumba kizima kiligeuka. Mkalimani alisimama bila kuambiwa.

"Nilibadili," alisema. "Mhadhiri aliigiza king'ora na darasa likacheka. Nikaanza kutafsiri king'ora, nikamtazama huyu usoni. Alikuwa anawaangalia wenzake wanavyocheka, na yeye anatabasamu ili asiachwe. Hakuwa amepata kitu. Tone likadondoka kwenye beseni pale. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikachovya hewani, nikasogea, nikachovya, nikasogea. Akaelewa. Lakini yalikuwa maneno yangu, si ya Mhadhiri. Mkalimani haruhusiwi. Ndiyo maana sikusema. Nikisema sikunakili, nasema nilivunja kiapo. Kote nilikuwa naipoteza kazi."

Inspekta alikuwa ameinama anaandika kwa kasi, na alipomsogezea Fundi Redio karatasi, kijana aliisoma, akairudia, kisha akaweka mikono yote miwili usoni.

Mhadhiri ndiye aliyesema kwanza. Uchangamfu wake ulikuwa umempotea.

"Siku ile alikuja mezani kwangu," alisema. "Akaandika ubaoni, 'Asante, leo nimeelewa sauti ni nini.' Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba hata nikifa kesho, ualimu wangu umelipa. Miaka yote nimeishi na ile asante, ikinitoa kitandani asubuhi za uvivu." Alimgeukia Mkalimani. "Kumbe nilikutunzia wewe. Kama kuna aliyekosewa kwa maneno yake kubadilishwa, ni mimi, na mimi sina shitaka. Nakushukuru, mdogo wangu. Mwanafunzi wangu ningempoteza pale pale mbele ya macho yangu, tena nikiwa nachekesha."

Mkuu wa Taaluma alikaa vizuri kwenye kiti chake, labda kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alimuuliza msimamizi kama ana la kusema. Msimamizi alisema anayo samahani tu, akaitoa, tena bila kuipunguza. Basi mwenyekiti akatamka kwamba matokeo ya wote wawili yamesimama, maksi za somo ni zao, na suala la kiapo halikuletwa mbele ya kamati na mtu yeyote, kwa hiyo halipo.

Fundi Redio aligonga meza kwa kiganja, polepole, kuomba nafasi. Mkuu wa Taaluma alimsogezea kalamu. Kijana aliirudisha. Alimwonyesha Mkalimani kwa kidole.

"Huyu alikuwa mshtakiwa," alisita mwenyekiti.

"Alikuwa," alisema Inspekta.

Mkalimani alizunguka meza, akasimama mahali pake pa kazi, pembeni ya mzungumzaji. Mikono ya Fundi Redio ilianza.

"Anasema kwamba..." Mkalimani alianza.

"Si 'anasema'," Inspekta alimkumbusha taratibu. "Kazi yako unaijua. Na leo usipunguze."

Mkalimani alivuta pumzi. Alikuwa na desturi ya kazi yake, kusema "mimi" kwa niaba ya anayemtafsiria, na desturi hiyo haikumpa pa kujificha.

"Mimi ni kiziwi tangu nikiwa mdogo," alisema. "Watu wamenipa maneno yao mengi, na nimewashukuru. Siku ile darasa zima lilicheka. Mtu mmoja tu hakucheka, kwa sababu alikuwa ananitazama mimi. Sikumjua. Nimemshukuru Mhadhiri, na sijutii, ni mwalimu mwema. Lakini deni la mkalimani wangu nimekaa nalo bila kujua kama ninalo. Mkalimani wangu ni..." Kijana alifuta uso kwa kiwiko, maana viganja alikuwa akivihitaji. "Mkalimani wangu ni mwalimu tayari. Mtihani umewaambia ninyi tu. Mimi nilikuwa najua. Asante. Asante sana."

Mikono ya kijana iliongeza jambo dogo, fupi, kisha ikatua mezani. Mkalimani alirudi nyuma hatua moja bila kulitafsiri.

"Amemaliza?" aliuliza Mkuu wa Taaluma.

"Kuna kimoja umekibana," alisema Inspekta, akimtazama Mkalimani.

Mkalimani aliangalia chini, na safari hii machozi yalimwagika, naye akayaacha.

"Jumatatu," alitafsiri, "chuo kitafute mtu mwingine wa kusimama pale mbele. Wewe usisimame. Njoo ukae hapa, kando yangu."